Simu ya Jumapili ya Matawi

Sahani ya Mjomba Agustino ilipojazwa wali kwa mara ya tatu, Rahel alitamani kulia.

"Mjomba ameshiba, mama," alisema.

"Nani kakwambia?" Mama Theresia alijibu bila kugeuka, mwiko mkononi. "Mtu katoka Mgeta alfajiri juu ya magunia ya kabeji, kasimama misa nzima ya Matawi, halafu mwanangu anataka kumnyima chakula. Kula, kaka yangu. Kuku yupo tele."

Mzee Agustino akala. Hakuwa mtu wa kukataa chakula cha dada yake, na Mama Theresia alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale Mafiga. Alijua pia kwamba binti yake alitaka watoke mapema sana, wakakae dukani kwa Mwajuma kusubiri simu, na kwamba kila kijiko cha wali kilikuwa kinawachelewesha.

Nisimsingizie mama wa watu. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alikuwa amempenda kijana ambaye sasa hivi alikuwa Ulaya akisomea kilimo. Mama Theresia alikuwa ameuliza mara nyingi Uholanzi ni wapi, akaonyeshwa kwenye ramani, akapima umbali kwa vidole. Tangu siku hiyo akawa anamsifia Kasiani.

Kasiani hakuhitaji kusifiwa sana. Tangu biashara ziachiwe huru, kila mwenye akili alikuwa anajitafutia, na yeye alikuwa amejipatia lori la kushusha mboga kutoka Mgeta mpaka Morogoro mjini. Alikuwa mpole, hanywi, na kwao ni jirani na kwa mjomba. Posa yake ilifika kabla ya Kwaresma. Ya Yeremia, yule kijana wa Ulaya, ilifika kabla yake, ikiletwa na wazee wawili wa Kinyakyusa waliofanya kazi kiwanda cha sukari pamoja na baba yake Yeremia, na Mjomba Agustino aliwasikiliza, akawakaribisha pombe, akawaambia hawezi kumpa mpwa wake mtu ambaye hajamsikia kwa masikio yake.

Na kwa Waluguru, mjomba akisema, amesema. Rahel alikuwa mwalimu wa jiografia, mshahara wake mwenyewe, chumba chake mwenyewe kama angetaka. Angeweza kwenda bomani akafunga ndoa na Yeremia siku atakayorudi. Lakini baba yake alipofariki, huyu mjomba ndiye aliyeshuka mlimani kila msimu na karoti na njegere ili yeye asome. Kuolewa huku mjomba amenuna alikuona ni kuolewa nusu.

Kwa hiyo walikubaliana. Jumapili ya Matawi mjomba angeshuka, angeongea na Yeremia kwenye simu. Akiridhika, posa ya Kasiani ingerudishwa kwa heshima. Yeremia asipopatikana, Pasaka ikipita tu Kasiani angepewa jibu alilokuwa analingoja.

Saa ya kupiga aliipanga Rahel mwenyewe. Saa kumi jioni Morogoro, ambayo Uholanzi ni saa nane mchana. Hilo lilikuwa somo lake. Kila mwaka alisimama mbele ya darasa na mpira wa miguu na tochi, akauzungusha mpira taratibu, akawaonyesha wanafunzi jinsi mwanga unavyofika upande mmoja huku mwingine ungali gizani. Kila nyuzi kumi na tano ni saa moja. Anayekaa mashariki anatangulia, anayekaa magharibi anafuata.

Tangu Yeremia aondoke, somo hilo lilikuwa limemwingia mwilini. Siku ile alimsindikiza mpaka Mikese, basi likasimama watu wanunue machungwa, yeye akateremka ili arudi nyumbani, na Yeremia akateremka naye. Walisimama kando ya barabara wameshikana mikono mpaka kondakta akaanza kugonga bati. Toka hapo Rahel alikuwa na saa mbili kichwani. Akianika nguo asubuhi, alijua Yeremia bado amelala, na alipenda kumwaza amelala, uso umetulia, mkono mmoja chini ya shavu. Jua likizama nyuma ya nyumba za Mafiga, alijua kwamba Yeremia bado analo. Kuna siku alilionea wivu jua.

Hatimaye mjomba alinawa mikono. Walitembea mpaka dukani, Rahel akimtangulia hatua mbili kisha akijirudisha nyuma kwa adabu. Walifika bado dakika kumi na tano kutimia saa kumi. Rahel akashusha pumzi.

Mwajuma alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa karani kiwandani mpaka walipopunguzwa, akatumia kiinua mgongo kufungua duka la soda, fotokopi na simu. Alimpenda Rahel kama mdogo wake, na uso wake haukuwa wa kawaida.

"Shikamoo, mzee," alisema kwanza, kisha akamgeukia Rahel. "Mdogo wangu, ulikuwa wapi? Kapiga."

"Nani kapiga?"

"Yeremia. Kapiga saa tisa juu ya alama. Nikamwambia hujafika. Akaniuliza, hajafika kabisa? Nikamwambia hajafika kabisa. Halafu akasema, haya dada, mwambie nimeelewa. Akakata."

Rahel aliketi kwenye benchi la mbao bila kukaribishwa.

"Ameelewa nini?" aliuliza.

"Hakusema."

Mjomba Agustino alivua kofia yake, akaiweka juu ya goti. "Mlikubaliana saa ngapi?"

"Saa kumi, mjomba."

"Na yeye kapiga saa tisa."

"Ndiyo."

"Mimi nimetoka kwangu kukiwa na giza, nimekaa juu ya kabeji, nimefika. Yeye simu iko karibu yake, kashindwa kuipiga wakati wake." Alisema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha Rahel. "Au hakushindwa. Kuna watu hupiga wakijua hujafika, ili kesho aseme nilipiga."

"Yeremia hayuko hivyo, mjomba."

"Mimi simjui alivyo. Ndiyo maana nilishuka."

"Dada Mwajuma, nisaidie tumpigie."

Mwajuma alitikisa kichwa kwa huzuni. "Laini yangu inapokea tu kutoka nje. Kupiga nje sijafunguliwa. Labda kesho posta."

Kesho mjomba angekuwa mlimani. Rahel aliinamisha uso mikononi. Nimeelewa. Neno lile lilimchoma. Yeremia alijua habari za Kasiani, alijua lori, alijua maneno ya mama. Amepiga simu wakati waliopatana, amekuta kimya. Ameelewa kwamba amechaguliwa mwingine. Sasa hivi yuko chumbani kwake anakunja shuka la upendo wao, na hakuna wa kumwambia acha.

Wakati waliopatana. Rahel aliinua kichwa.

Yeremia hakuwa mtu wa kukosea saa. Kama alipiga, alipiga saa nane ya kwake. Basi saa nane ya kwake leo imekuwa saa tisa ya hapa. Lakini jua halijahama, wala Morogoro haijahama. Alihesabu tena kwa vidole, na akiwa kwenye kidole cha tatu akakumbuka aya moja fupi, chini kabisa ya ukurasa wa kitabu cha kidato cha pili, ambayo aliiruka kila mwaka kwa sababu haitoki kwenye mtihani.

"Wamesogeza saa," alisema.

"Nani?" aliuliza mjomba.

"Wazungu. Ulaya. Mwezi wa tatu ukielekea kwisha wanasogeza saa zao mbele, nchi nzima. Tulikuwa tumewapita saa mbili, sasa tunawapita moja. Amepiga saa yake sahihi, mjomba. Mimi ndiye niliyekosea."

Mjomba Agustino alimtazama kwa huruma, namna mtu anavyomtazama mgonjwa anayeweweseka.

"Rahel. Kwamba jua haliwafikii watu wote pamoja, hilo huna haja ya kunifundisha. Asubuhi watu wa Matombo wanaanika mahindi juani, sisi Mgeta tuko kwenye kivuli na baridi, maana mlima uko katikati. Wao wanatangulia, sisi tunafuata. Hilo naliona kila siku. Lakini mlima hausogei."

"Mlima hausogei, mjomba. Wanasogeza mshale wa saa."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Kwa nini?"

"Kwao siku zikianza kuwa ndefu jua linachomoza mapema, watu bado wamelala. Kwa hiyo wanasogeza saa ili waamke nalo, wawahi kazi zao."

"Si waamke tu?"

Mwajuma alicheka kidogo, akajifunika mdomo. Rahel hakucheka. Machozi yalikuwa yameanza kumtoka, na hakuyafuta.

"Mjomba, sina ushahidi wa kukuonyesha. Kitabu kiko shuleni na shule imefungwa. Nakuomba uniamini. Yule mtu ananipenda. Mimi nampenda mpaka naona aibu kukwambia wewe. Kama ukisema niolewe na Kasiani nitaolewa, na nitampikia, na nitamheshimu, lakini kila jioni nitakuwa nahesabu saa ya mahali pengine."

Mzee yule aliigeuza kofia yake gotini, akaigeuza tena. Nje mawingu yalikuwa yamefunika milima ya Uluguru mpaka katikati, na upepo wa mvua ulianza kusukuma vumbi la barabarani.

"Umesema wanasogeza ili wawahi kazi," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Padre wetu wa zamani alikuwa Mholanzi. Mungu amrehemu." Aliongea akitazama mlango. "Masika yakianza, alikuwa anagonga kengele ya asubuhi mapema kuliko siku zote, ili tusali tuwahi shambani kabla mvua haijatukuta. Hatangazi. Unaamka tu unasikia kengele, unajua masika yameingia. Tulioishi ng'ambo ya mto, maji yakivuma, kengele hatuisikii."

"Sijawahi kusikia habari hiyo."

"Sijawahi kumwambia mtu. Rafiki yangu alipata mtoto wa kiume, akaniomba nimsimamie ubatizo. Nikanunua shati. Nikaenda kwa saa niliyoizoea. Nafika mlangoni, naona watu wanatoka, mtoto ameshabatizwa, kabebwa na mtu mwingine. Baba yake akanitazama hivi, akapita." Mjomba Agustino alinyoosha kidole kama anaonyesha njia aliyopita yule baba. "Sikuwa na dharau, Rahel. Nilikuwa na saa ya jana. Lakini yule mtu hakuniuliza. Angeniuliza mara moja tu, Agustino, kulikoni, tungebaki ndugu. Amekufa hatusemezani."

Rahel alimshika mkono. Mkono wa mjomba ulikuwa mgumu, wenye udongo usiotoka kwenye mistari ya kiganja.

"Basi saa nimeielewa," alisema mzee. "Naamini wamesogeza. Ila mtu bado sijamsikia. Ameambiwa hukufika, akasema ameelewa. Kama yuko kama yule rafiki yangu, ataishia hapo, na mimi sitakupa kwa mtu anayeelewa haraka hivyo. Nataka nione kama huyu wako anauliza."

"Na asipopiga tena?"

"Hilo nalo tutalijua leo."

Hapo honi ya lori ililia nje. Kasiani aliteremka, shati lake jeupe la kanisani bado limenyooka, akaingia na kuamkia. Alimtazama Rahel mara moja, akaona machozi, akayakimbiza macho yake kwenye makreti ya soda. Alikuwa mtu mwenye haya, na katika mambo mengine yote angemfaa mwanamke yeyote.

"Mzee, mvua imeanza kule juu," alisema. "Tusipoondoka sasa, ile kona ya udongo hatupiti. Mmeshamaliza?"

"Hatujaanza."

"Hakupiga?"

Lilikuwa swali fupi, na jibu lake moja lingemaliza kila kitu. Rahel aliona mjomba akiinuka, akavaa kofia. Lori ndilo lingempeleka nyumbani, mvua ilikuwa inakuja, mbuzi wake walikuwa wanamngoja, na mtu mzima hawezi kulala mjini kwa ajili ya simu ambayo labda haitalia.

"Alipiga," alisema Mjomba Agustino. "Sisi ndio tulichelewa. Nenda, mwanangu, usije ukakwama kwa ajili yangu. Mimi nitangoja."

Kasiani akamwuliza Rahel, kwa sauti ya chini, kama wako peke yao: "Unamngoja na wewe?"

"Namngoja, Kasiani. Nisamehe."

"Hujanikosea." Alifikiri kidogo. "Ungeniambia mapema nisingemsumbua mzee. Mimi nilidhani amekusahau, nikaona si vizuri ukae peke yako." Akamgeukia mjomba. "Nitapita Jumanne kukuchukua, mzee. Mbuzi nitamwambia mdogo wangu awafungie."

Aliondoka. Rahel alisikia mlango wa lori ukifungwa taratibu, bila kubamizwa, na alimlilia kidogo na yeye, maana kumpenda mmoja hakuondoi uchungu wa kumwumiza mwingine. Mvua ikaanza kugonga bati. Mwajuma aliwasha taa, akaleta chai, akaketi nyuma ya meza yake akijifanya anapanga karatasi.

Simu ililia mara ya kwanza. Alikuwa mwanamke wa Mazimbu anaulizia faksi yake. Rahel alikalia mikono yake. Mjomba alikunywa chai yote, akaomba nyingine, akasema mvua hii ni njema kwa karoti. Mwajuma alitazama saa ya ukutani, akakumbuka kwamba saa ndizo zilizowaponza, akaacha kuitazama.

Simu ililia tena.

"Haloo? Ndiyo, duka la Mwajuma." Alisikiliza. Kisha akainua mkono wa simu kumwelekezea Rahel, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Njoo."

"Haloo," alisema Rahel.

"Rahel?" Sauti ya Yeremia ilikuja ikiwa mbali, yenye mwangwi. "Ni wewe? Uko hapo?"

"Niko hapa."

"Niliambiwa hukufika. Nikasema nimeelewa, nikarudi chumbani, nikakaa. Nikashindwa. Nikasema hata kama ameamua, aniambie mwenyewe, nisikie sauti yake. Nilikuta foleni ndefu kwenye simu ya hosteli. Nimewaomba watu wanipishe, nikawaambia ni mke wangu. Nimedanganya, Rahel, nisamehe. Niambie tu kwa nini hukuja."

"Nilikuja saa kumi. Mmesogeza saa zenu."

"Tumefanya nini?"

"Jana usiku. Mmesogeza mbele. Waulize hao walioko nyuma yako."

Rahel alisikia sauti za watu wakisema kigeni, kisha kicheko, kisha Yeremia akivuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. "Ni kweli," alisema. "Wananicheka hapa. Saa ya jikoni aliisogeza msimamizi wa hosteli, mimi nimeifuata tu. Ee Mungu wangu. Basi hukuniacha."

"Nikuache niende wapi?"

Walisikilizana wakipumua, na kwa wote wawili hiyo ilitosha kuwa mazungumzo. Kisha mkono mgumu uligusa bega la Rahel, naye akampa mjomba simu, akamwonyesha upande wa kusikilizia.

"Haloo," alisema Mjomba Agustino kwa nguvu, kama anaita mtu ng'ambo ya bonde. "Huyu ni mjomba wake."

"Shikamoo, mjomba." Sauti ilisikika mpaka kwa Rahel.

"Marahaba. Nilikuwa nangoja kama utauliza. Umeuliza. Vizuri." Alikuwa ameandaa maneno mengi tangu Mgeta, juu ya kabeji, na yote yalikuwa yamemtoka. "Huko sasa hivi saa ngapi?"

"Saa kumi, mjomba."

"Hapa saa kumi na moja. Mpaka jana tulikupita kwa saa ngapi?"

"Mbili."

"Na leo?"

"Moja tu, mjomba."

Mzee aligeuka akamtazama mpwa wake, ambaye alikuwa amesimama na mikono miwili mdomoni, akamtazama mpaka akaona ametosheka. Kisha akarudisha mdomo kwenye simu.

"Basi umeanza kusogea huku," alisema. "Usisimame hapo. Endelea kuja, mwanangu. Sisi tupo."